Picha mbili za sebule moja: nimwamini dalali au dada?

*"Assalamu alaikum mtaalamu wa picha. Ninafanya kazi Muscat na ninamtafutia mama nyumba ya kupanga mtaani Tudor, Mombasa, kwa sababu anapoishi sasa, Majengo, pamekuwa na zogo mno kwa umri wake. Dalali alinitumia picha za fleti moja iliyo ghorofa ya tatu: sebule kubwa kama ukumbi, nyeupe, yenye mwanga tele, na roshani ambayo maji ya mkondo wa bahari yako karibu nayo hata ukadhani utayagusa. Nikamwomba dada yangu mkubwa aende akaikague. Picha alizonitumia ni kama za nyumba nyingine kabisa: chumba chembamba, giza, dirisha linalotazama ukuta wa jirani, na mkondo unaoonekana kwa mbali tu. Dalali anaapa kwamba nyumba ni hiyo hiyo. Dada naye anaapa. Mimi nimemshuku dada kwamba hataki mama ahame karibu naye, na tumekwaruzana. Dalali anataka amana ya miezi miwili kabla ya mwisho wa mwezi. Nimekutumia picha zote. Zipi ni za kweli? Na je, huenda simu ya dada, ambayo ni ya bei nafuu, ndiyo mbovu?"*

Waalaikum salaam, ndugu yangu. Umeniuliza kuhusu picha, lakini nyuma ya swali lako yako mambo mawili yanayokusumbua: kama kuna mtu anayekudanganya, na kama mtu huyo ni dada yako. Nitayajibu yote mawili, ila nianze na lile ambalo picha zenyewe zinaweza kulimaliza. Nyumba ni moja. Katika picha ya dalali, mstari wa vigae ulio chini ya dirisha una vigae tisa kutoka ukuta hadi ukuta. Katika picha ya dada, mstari ule ule una vigae tisa, na kigae cha tatu kutoka kushoto kimemeguka kona katika picha zote mbili. Hakuna fundi aliyemegua vigae viwili katika nyumba mbili kwa namna moja. Kwa hiyo dalali hakukutumia picha za nyumba nyingine, na dada hakuingia mlango wa jirani.

Vigae hivyo hivyo vitakupa kipimo ambacho picha inakuficha. Katika picha ya dalali nimehesabu mistari kumi na mitatu kwa urefu wa chumba. Vigae vya sakafu vya mraba huuzwa madukani kwetu vya sentimita 30, 40 au 60. Dada akipima kimoja kwa rula na kukuta ni cha 40, basi sebule hiyo ina upana wa takriban mita 3.6 na urefu wa mita 5.2. Hiyo ni sebule ya kawaida ya fleti za Tudor, ya kutosha seti ya viti na meza ya chakula ndogo. Ukumbi uliouona katika picha haupo, na uchochoro ulioupata katika picha za dada haupo pia.

Sasa, imekuwaje chumba kimoja kikatoa sura mbili? Watu wengi watakuambia kwamba dalali ametumia lenzi pana na kwamba lenzi pana "huongeza" chumba. Maelezo hayo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo yenye faida kwako. Lenzi haina uwezo wa kubadilisha uwiano wa ukubwa kati ya kitu cha karibu na cha mbali. Uwiano huo huamuliwa na jambo moja tu, nalo ni mahali kamera iliposimama. Chukua viti viwili vinavyolingana, kimoja kikiwa mita 1 kutoka kwa kamera na kingine mita 4. Katika picha, kiti cha karibu kitatokea na urefu mara nne ya kile cha mbali, iwe lenzi ni pana au nyembamba. Sasa rudi nyuma mita 2, usimame kwenye ukumbi mdogo wa kuingilia. Viti havijasogezwa, lakini umbali umekuwa mita 3 na mita 6, na kiti cha karibu sasa ni kikubwa mara mbili tu. Macho yetu, yakijua kwamba viti vya seti moja hulingana, husoma tofauti kubwa ya ukubwa kuwa ni umbali mkubwa. Kwa hiyo aliyepiga picha akiwa karibu na kiti cha kwanza hukufanya uone chumba kirefu, na aliyerudi nyuma hukufanya uone chumba kifupi.

Kazi ya lenzi pana ni kumruhusu mpigaji asimame karibu vile na bado apate kila kitu ndani ya fremu. Simu nyingi za siku hizi huwa na kitufe kilichoandikwa 0.5, ambacho hufungua lenzi inayoona kwa upana wa kiasi cha nyuzi 120 kutoka pembe moja ya picha hadi pembe iliyo mkabala nayo. Lenzi hiyo ndiyo iliyotumika katika picha za dalali, na ushahidi upo. Saa ya ukutani iliyo karibu na kona ya juu imevutika ikawa na umbo la yai, ilhali pangaboi lililo katikati limebaki duara safi. Kochi lililo ukingoni limerefuka hata mtu wa miraba minne angeweza kulala bila kukunja miguu. Lenzi hizi hulazimika kuvuta vitu vya pembeni ili mistari ya kuta ibaki imenyooka, na kadiri kitu kilivyo mbali na katikati ya picha ndivyo kinavyovutwa zaidi. Ukitaka kujua kama picha ya nyumba imepigwa hivyo, tafuta kitu chochote cha duara karibu na kona.

Kuna jambo jingine ambalo halizungumzwi sana, na ambalo halimhusu mpigaji bali linakuhusu wewe mtazamaji. Kila picha ina mahali pake pa jicho, yaani umbali mmoja ambapo ukiitazama kutoka hapo, pembe zinazoingia jichoni mwako ni zile zile zilizoingia kwenye kamera. Mwanzoni mwa karne ya 15, msanifu majengo Filippo Brunelleschi wa Florence, Italia, alichora jengo la ubatizo la mji wake kwa hesabu za mtazamo, yaani za kuonyesha karibu na mbali juu ya ubao bapa, kisha akatoboa tundu katika ubao wa mchoro na kumtaka mtazamaji achungulie kwa nyuma, autazame mchoro ndani ya kioo kilichoshikwa mbele yake. Alijua kwamba mchoro ule ulikuwa sahihi kutoka sehemu moja tu, akamfunga mtazamaji asiweze kusimama kwingine. Simu yako haikufungi. Picha ya lenzi ya 0.5 inayoonekana kwenye skrini kwa upana wa sentimita 9 ingetakiwa kutazamwa kutoka umbali wa sentimita 3 au 4, jambo ambalo jicho la mtu mzima haliwezi kulifanya bila kuona ukungu. Hata ukiichapisha kwa upana wa sentimita 30, mahali pa jicho ni sentimita 11 hivi. Wewe uliishika sentimita 30 au 40 kutoka usoni kama sote tufanyavyo, na kwa umbali huo ubongo hukunjua kina cha chumba na kukirefusha. Jaribu hili leo: ifungue picha ya dalali kwenye kompyuta yenye skrini kubwa, funga jicho moja, kisha sogea hadi pua ikaribie kugusa kioo. Utaona kochi likifupika na sebule ikirudi kuwa sebule.

Ukifuata hesabu hiyo hiyo, picha za dada zinasema ukweli zaidi kuhusu kina, kwa sababu alitumia lenzi ya kawaida na pengine aliivuta kidogo ili kuleta vitu karibu, hivyo mahali pake pa jicho pako karibu zaidi na umbali unaoshikia simu. Lakini usizipe ushindi upesi. Dada alisimama mlangoni na kuishika simu wima, kwa sababu ndivyo mkono unavyoishika simu bila kufikiri. Ukiacha ukuta wa mbali wenye dirisha, ambao umeingia wote, fremu ya wima ilikata kuta zote mbili za pembeni kwa upande wa karibu, ikabakiza ukanda wa katikati wenye dari nyingi na sakafu nyingi. Aliyeiona picha hiyo hana njia ya kujua kwamba kushoto kuna mita nzima ya nafasi iliyoachwa nje, naye huchukua ukingo wa picha kuwa ndio ukuta. Wembamba uliouona ni wa fremu.

Giza nalo lina maelezo yake. Jua la mchana nje ya nyumba zetu huweza kutoa mwangaza wa luksi (kipimo cha mwanga) 100,000, ilhali ndani ya sebule, hatua chache kutoka dirishani, huenda zisifike 300. Jicho lako huzimudu hali hizi zote mbili kwa sababu hutazami kila kitu kwa mara moja: ukigeukia dirisha mboni hujibana na hisia ya jicho hupungua, ukigeukia kabati hupanuka, na ubongo huziunga hizo nyakati ukaamini kwamba uliona chumba na nje yake kwa pamoja. Kamera ikipiga mara moja hulazimika kuchagua. Simu ya dada ilielekezwa moja kwa moja dirishani saa za mchana, ikapima mwanga wa nje, na chumba kikazama gizani. Picha za dalali zilichagua upande wa pili: chumba kimeng'aa, kuta zimekuwa nyeupe, na dirisha limekuwa mraba mtupu wa mwanga usio na kitu ndani yake. Hebu irudie picha hiyo ulitazame dirisha lake. Ule ukuta wa jirani uliokushangaza katika picha ya dada upo pale pale, umemezwa na weupe. Sidai kwamba dalali alikusudia kuuficha, kwa sababu mtu akitaka chumba king'ae hupata na weupe huo dirishani, atake asitake. Ila ukuta upo, na mwanga wa sebule hiyo utakuwa ni ule unaorudishwa na ukuta huo pamoja na kipande cha anga kilicho juu yake.

Ongeza hapo kwamba Mombasa iko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta. Adhuhuri, kwa sehemu kubwa ya mwaka, jua huwa karibu na utosi, hivyo halipenyi madirishani, na chumba kilicho nyuma ya roshani yenye paa huwa na kivuli kikubwa kuliko wakati mwingine wa mchana. Dada alikwenda saa sita. Angekwenda saa tatu asubuhi au saa kumi jioni, huenda angekutumia sebule tofauti tena. Kama roshani inatazama magharibi, jua la jioni litaingia ndani hasa, na hapo malalamiko ya mama yatakuwa ya joto, si ya giza.

Kuhusu mkondo ulio karibu hata ukadhani utayagusa maji, picha hiyo imepigwa kwa kuvuta, na ndiyo picha ambayo ningekuwa na shaka nayo zaidi. Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, Ibn al-Haytham, mwanazuoni aliyezaliwa Basra na kufanya kazi Kairo, alieleza kwamba jicho halipimi umbali peke yake. Sehemu kubwa ya kuona, alisema, ni hukumu inayofanywa na akili kwa haraka hata mtu asitambue kwamba amehukumu, na umbali wa kitu hukisiwa kwa mfululizo wa vitu vinavyojulikana vilivyotandazwa juu ya ardhi kati ya mtazamaji na kitu hicho. Ukiuondoa mfululizo huo, umbali huporomoka. Sasa tazama picha ya dalali: chini kabisa kuna ukingo wa roshani, na juu yake mara moja yanaanza maji. Barabara, mapaa ya mabati, minazi na ua wa shule ulioko kati, vyote vinavyoonekana wazi katika picha ya dada, vimekatwa. Alivuta karibu, akaishusha simu usawa wa ukingo ili ukingo uzibe kila kilicho katikati, akapiga. Kila alama iliyobaki katika picha hiyo ni ya kweli, lakini hukumu uliyoifanya kutokana nayo haikuwa na chochote cha kushikilia. Kwa picha ya dada ninakisia kuna mamia kadhaa ya mita hadi majini. Upepo wa mkondo huenda ukafika, mandhari ya kupendeza ipo, ila mama hatasikia maji yakipiga ukutani.

Umeuliza kuhusu ubovu wa simu ya dada. Simu ya bei nafuu huwa na kihisi kidogo cha mwanga, na hivyo gizani hutoa chenga na rangi zilizochuja, jambo ambalo limechangia kukifanya chumba kionekane kimechakaa. Rangi ile ya kijivu ya kuta pia isikutishe, kwa kuwa vipima mwanga vya kamera hupenda kuvuta kila kitu kuelekea kijivu cha wastani, na ukuta mweupe ulio kivulini huwa mhanga wa kwanza. Lakini kwa habari ya ukubwa, umbali na uwiano, simu ya shilingi elfu kumi na kamera ya laki tatu zikiwekwa mahali pamoja na kukatwa fremu moja zitatoa umbo moja. Doa la manjano lililo chini ya dirisha katika picha ya dada halikuletwa na simu. Linafanana na unyevu, na nitalirudia.

Niliyoyasema mpaka hapa ni ya kamera. Upo upande wa pili ambao ni wako, na nitausema wazi kwa kuwa umeniuliza kwa uwazi. Mwanasayansi wa Kirusi, Alfred Yarbus, ambaye kitabu chake kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1967, alikuwa akibandika kifaa kidogo juu ya jicho la mtazamaji ili afuatilie linakokwenda. Alimwonyesha mtu mmoja mchoro mmoja wa mchoraji Ilya Repin, unaomwonyesha mwanamume akiingia ghafla ndani ya chumba chenye familia, na kila mara alimwuliza swali tofauti. Alipoulizwa umri wa waliomo, macho yalikwenda usoni mwa watu. Alipoulizwa kama familia hiyo ina uwezo, macho yalitembea kwenye mavazi na samani. Mchoro haukubadilika hata kidogo, lakini njia ya macho ilibadilika kila swali lilipobadilika, na kile ambacho macho hayakukipitia ni kama hakikuwepo.

Swali lako ulipofungua picha za dalali lilikuwa: je, mama atapumzika hapa? Macho yako yakaenda kwenye weupe, nafasi na maji. Dada alipoingia kwenye fleti ile alikuwa na swali lake: je, mama ataweza kuishi hapa? Ndiyo maana amepiga ngazi. Umezitazama picha zake za ngazi? Ziko tatu, na wewe hukuzitaja katika barua yako. Ghorofa ya tatu, ngazi nyembamba bila mshikio upande mmoja, wala sioni lifti. Amepiga pia tangi la maji, mita ya umeme iliyo nje kwa jirani, na doa lile chini ya dirisha. Mtu anayetaka tu kumkatisha mwenzake tamaa hapigi picha ya tangi la maji. Siwezi kujua yaliyomo moyoni mwa dada yako, na wala picha haziwezi kukuambia. Ninachoweza kusema ni kwamba katika picha hizi sioni hila yoyote. Naona mtu asiyejua kupiga picha aliyekwenda saa mbaya ya mwanga na kuangalia mambo ya maana. Ningekuwa wewe ningempigia simu kabla ya kumpigia dalali.

Kwa upande wa dalali nitakuwa mwadilifu pia, maana mimi mwenyewe hupigia madalali na wenye nyumba picha, na sitajifanya mtakatifu. Lenzi pana ndani ya chumba kidogo mara nyingi ni lazima: mgongo wako umeshagusa ukuta na bado hujapata hata dirisha. Vivyo hivyo katika vichochoro vya Mji wa Kale, mtu hawezi kupiga mlango wote wa nakshi kwa lenzi nyingine kwa sababu hakuna pa kurudi nyuma. Kuwasha taa zote, kufungua mapazia na kusogeza ndoo za kufulia ni kazi halali. Mpaka huvukwa pale kitu cha kudumu kinapofutwa au kuongezwa, na programu za siku hizi hufuta nyaya, hupaka rangi ukuta na hata kuweka samani zisizokuwepo kwa kugusa kitufe. Katika picha ulizonitumia sikuona dalili za kufuta. Nimeona uchaguzi wa mahali, wa fremu na wa mwanga, na kila uchaguzi umeelekea upande wa kuuza. Ile ya roshani imefika ukingoni kabisa mwa ninachoweza kukitetea.

Tuje kwenye la kufanya. Mwombe dada arudi mara moja zaidi, safari hii kati ya saa tisa na saa kumi na moja jioni, na umwombe dalali awepo ili pasiwe na maneno baadaye. Aishike simu kwa ulalo, usawa wa kifua, aache lenzi kwenye 1, asivute wala asibonyeze 0.5. Asimame katikati ya kila ukuta akiupa mgongo, apige ukuta ulio mbele yake, na mtu asimame katika kila picha, kwa sababu mwili wa mtu mzima ni kipimo ambacho jicho lako halihitaji kufundishwa. Mbele ya dirisha apige mara mbili: mara ya kwanza aguse skrini kwenye dirisha, mara ya pili aguse kwenye kiti kilicho kivulini, ili upate nje na ndani kila moja kwa mwanga wake. Kwenye roshani asimame wima na kupiga kutoka chini ya ukingo hadi angani, pasikatwe kitu. Kisha apige video moja bila kukata, kuanzia lango la barabarani, apande ngazi kwa mwendo wa mama, aingie ndani na kumalizia roshani. Video ya namna hiyo ina faida ambayo picha haina: mtu anapotembea, vitu vya karibu hupita upesi na vya mbali hukawia, na kutokana na hilo ubongo hupata umbali hata kwa jicho moja. Asikimbize simu, na asiongee sana.

Hata hivyo, kuna mambo ambayo hayataingia katika picha hata ukimtuma mpigaji bora wa pwani nzima. Maji ya bomba hutoka siku ngapi kwa wiki, na yakitoka ni ya chumvi au matamu? Waulize wapangaji wa chini, usimwulize mwenye nyumba. Wakati wa kusi, roshani hupata upepo au ukuta wa jirani umeuzuia? Na wakati wa kaskazi je, joto linapokuwa kali? Kelele za usiku, harufu ya mtaro mkondo unapokupwa, umbali wa hospitali na wa msikiti kwa miguu ya mama. Hayo huulizwa, husikika na hunuswa. Doa la chini ya dirisha dada aliguse kwa kiganja: likiwa na ubaridi na unga mweupe unaobanduka, ukuta unavuta maji na chumvi, na rangi mpya haitalizuia kurudi.

Kama baada ya hapo bado unaitaka nyumba, huu ndio wakati wa kuniacha mimi na picha zangu. Mtafute fundi mwashi au mhandisi anayefahamu majengo ya kisiwani auangalie ukuta huo na ngazi, kazi ya saa moja. Mtake mwenye nyumba, au dalali kwa niaba yake, akuonyeshe uthibitisho kwamba ana mamlaka ya kupangisha, na mkataba wa upangaji usomwe na wakili kabla ya kutiwa saini, hasa kifungu cha kurudishiwa amana. Ikiwa nia yako ya baadaye ni kununua, wakili atafute rekodi za hatimiliki katika ofisi ya ardhi na mpima ardhi aende uwandani. Hapo picha, ziwe za dalali, za dada au zangu, hazina nafasi yoyote. Na mama mwenyewe apelekwe. Apande zile ngazi kwa miguu yake, akae dakika thelathini kwenye kiti karibu na dirisha lile, anywe chai kama wapo majirani wa kumkaribisha. Amana isitumwe kabla hajashuka.